Vitu Vinavyongojana

Swali la kuku na yai tumelizoea kama mzaha wa watoto. Mtu mzima akikaa kuyatazama maisha yake, ataona kwamba taabu zake nyingi ni za namna hiyo hiyo. Kijana hapati kazi kwa kuwa hana uzoefu, na hapati uzoefu kwa kuwa hana kazi. Mvuvi wa Kibirizi anaambiwa aonyeshe mali kabla ya kukopeshwa fedha za nyavu, na mali anayoitafuta ni hizo hizo nyavu. Mtu mgeni haaminiwi mpaka ajulikane, na hajulikani mpaka kwanza aaminiwe. Hapa hakuna mwovu aliyepanga jambo. Kuna vitu viwili tu vinavyongojana, kila kimoja kikimwambia mwenzake: tangulia wewe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mambo ya namna hii hayana dawa ila bahati au rushwa. Aliyenifundisha vingine hakuwa mzee wa mji wala mhubiri. Ilikuwa ni programu ya kompyuta, tena ile ambayo watumiaji wengi hawajui hata kama ipo. Naomba msomaji anivumilie kidogo nieleze kazi yake, kwa maana somo lenyewe limo ndani ya kazi hiyo.

Mwaka 2007 nilikabidhiwa kompyuta 11 za shule moja ya Ujiji. Zilikuwa kuukuu, na tulizitilia Linux, mfumo ulioanzishwa na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991, ambao hugawiwa bure. Wapo watu na makampuni wengi wanaoikusanya Linux pamoja na programu nyingine na kuitoa ikiwa kamili. Sisi tulichagua Debian, mkusanyo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Shule haikuwa na intaneti. Tulipohitaji programu mpya nilipanda gari kutoka Ujiji mpaka Kigoma mjini, nikaketi kwenye duka la intaneti, nikapakua vifurushi, nikavitia kwenye flashi na kurudi nayo mfukoni.

Siku hizi ukitaja kifurushi watu hufikiri dakika za simu. Kifurushi ninachokisema mimi ni mzigo wa programu. Ndani mna mafaili yenyewe, na pamoja nayo mna karatasi ya maelezo: jina la programu, toleo lake, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo haiwezi kufanya kazi. Ni kama gunia la dagaa linaloondoka Kigoma kwa treni, lenye kibandiko cha kueleza ni la nani, linakwenda wapi na limefuatana na magunia gani. Kazi ya kupokea vifurushi, kusoma vibandiko na kuweka kila kitu mahali pake hufanywa na programu inayoitwa dpkg. Juu yake mwaka 1998 iliongezwa nyingine, APT, inayojua kutafuta vifurushi vinavyokosekana na kupanga safari yao.

Kwa kawaida mpango ni rahisi. Ikiwa A inamhitaji B, B atatangulia. Lakini vipo vifurushi ambavyo A inamhitaji B, naye B anamhitaji A. Mfano wa kawaida ni programu ya kujifunzia na kifurushi cha picha na sauti zake: programu bila picha ni kipofu, na picha bila programu hazina wa kuzionyesha. Wala usidhani jambo hili liko kwenye programu za pembeni tu. Katika Debian ya leo maktaba ya msingi iitwayo libc6, ambayo karibu kila programu huiegemea, inaitegemea libgcc-s1, nayo libgcc-s1 inaitegemea libc6. Mduara huo umo katika kitovu cha mfumo, na kompyuta zinawaka kila siku kana kwamba hakuna kitu.

Inawezekanaje? Jibu ni kwamba dpkg haichukulii kupokea kifurushi kuwa ni tendo moja. Inaligawa mara mbili. Kwanza inakifungua, yaani inatoa mafaili na kuyaweka mahali pake. Baadaye inakikamilisha, yaani inafanya matengenezo ya mwisho na kukitangaza kuwa tayari. Na hapa ndipo penye siri: utegemezi wa kawaida hauzuii kufungua, unazuia kukamilisha tu. Ukileta A peke yake, dpkg itaifungua, halafu itasema kwamba B hayupo, basi A inabaki imefunguliwa bila kukamilishwa. Ukileta B, naye atafunguliwa, na ataambiwa angoje kwa kuwa A haijakamilika. Sasa wote wawili wako ndani ya nyumba, kila mmoja na hali yake ya nusu. Ukiamuru vyote vilivyosubiri vikamilishwe kwa pamoja, dpkg inautambua mduara, inachagua mahali pa kuukata, na kazi inakwisha.

Pa kukata panachaguliwa kwa busara. Baadhi ya vifurushi vina matengenezo ya kufanya mwishoni, na vingine havina, vikishafunguliwa vimetosha. Ikiwa katika mduara kimo kimoja kisichokuwa na matengenezo, mduara hukatwa hapo, kwa sababu hicho hakitaumia kikitangulizwa kabla ya mwenzake. Ikiwa vyote vina matengenezo, kanuni zinakiri kwamba popote patakapokatwa ni sawa. Maneno hayo nilipoyasoma mara ya kwanza yalinipendeza. Watungaji hawakudai kwamba kuna mpangilio wa haki uliofichika. Walikubali kwamba mpangilio haupo, na kwamba lazima mtu aamue.

Upo pia utegemezi wa aina ya pili, mkali zaidi, ambao naweza kuuita sharti la awali. Huo haungoji wakati wa kukamilisha. Unazuia hata kufungua. Kifurushi chenye sharti hilo hakiguswi mpaka mwenzake awe tayari kabisa. Vifurushi viwili vikiwekeana masharti ya awali, hapo hakuna njia, maana hakuna kinachoweza kuingia ndani hata kwa nusu. Ndiyo sababu kanuni za Debian zinamkataza mtengenezaji kuweka sharti la awali kwa uamuzi wake tu. Sharti alilete kwanza lijadiliwe na wenzake wakubaliane. Kinyume chake, vipo vifurushi vichache vya lazima, dpkg yenyewe ikiwa kimojawapo, ambavyo vinatakiwa viweze kufanya kazi yao ya msingi hata vikiwa vimefunguliwa tu, havijakamilishwa. Wanaotegemewa na wote hawaruhusiwi kusema kwamba bado hawajawa tayari.

Na je, kitu kikijitegemea chenyewe, au kikijikataa chenyewe? Katika kompyuta moja kwa kawaida hutakiwa mchukuzi mmoja tu wa barua. Basi kila programu ya kazi hiyo hujitangaza kuwa ni mchukuzi wa barua, na papo hapo hutangaza kwamba haipatani na mchukuzi wa barua yeyote. Ukisoma neno kwa neno, imejifukuza yenyewe mlangoni. Kanuni zinamaliza jambo kwa kusema kwamba ugomvi wa kifurushi na jina lake mwenyewe hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ugomvi na wengine. Vivyo hivyo katika mfumo wa Red Hat uitwao RPM, kifurushi kikidai kitu ambacho chenyewe kimekuja nacho, dai hilo limekwisha kutimizwa. RPM hutazama mizigo yote iliyoletwa kwa mkupuo mmoja kabla haijaanza kupanga nani atangulie, na kwa hiyo mwenye kuja na chakula chake haulizwi chakula kiko wapi.

Mtu wa Kigoma hana haja ya kwenda mbali kuuona mpango huu wa kufungua na kukamilisha. Anaweza kuikumbuka meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, wakaipa jina la Graf von Goetzen. Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kutoka baharini, kwa hiyo ilibidi meli iunganishwe kule kwa muda, kisha ivunjwe vipande na kufungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ipelekwe Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Sasa fikiri. Reli ya zaidi ya kilometa 1,200 inayoishia ukingoni mwa maji ina faida gani bila meli ya kupokea mizigo? Na meli kubwa namna ile itafikaje ziwani bila reli? Karakana nayo, nani ataijenga Kigoma pasipo meli ya kuundwa, na meli itaundwa wapi pasipo karakana?

Kama kila mmoja angesema mwenzangu akamilike kwanza, hadi leo pangekuwa pori. Kilichofanyika ni kwamba vyote vilianzwa kwa pamoja vikiwa nusu. Meli ilikuwa ikiundwa Papenburg wakati reli ilikuwa haijafika Kigoma. Reli ilifika mwezi Februari 1914. Masanduku yakafunguliwa ufukweni, karakana ikajengwa kwa ajili ya kazi hiyo moja, vipande vikaunganishwa upya, na meli ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Hata maangamizi yake yalikuwa ya nusu. Wajerumani walipokuwa wakikimbia mwaka 1916 waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Sisemi kwamba ukoloni ulikuwa na hekima. Meli ile iliundwa kwa ajili ya kutawala na kisha ikatumika kwa vita. Nasema tu kwamba mafundi wake walijua tofauti ya kitu kisichokuwapo na kitu ambacho bado hakijakamilika.

Tofauti hiyo ndiyo niliyoiona inakosekana mwaka 2016 katika jambo la jamaa yangu.

Dada yangu alizaliwa katika kijiji cha mwambao, kusini mwa mji, mikononi mwa mkunga wa jadi. Hakuna aliyeandika. Aliishi miaka zaidi ya 40 bila kuulizwa karatasi, mpaka binti yake alipofaulu kidato cha sita na kutaka kuomba mkopo wa masomo ya juu. Fomu zilitaka karatasi za mzazi. Dada akaenda ofisi ya kwanza kuomba kitambulisho, akaambiwa alete cheti chake cha kuzaliwa. Akaenda ofisi ya pili kuomba cheti, akaambiwa, kwa kuwa yeye ni mtu mzima, alete kitambulisho. Sitazitaja ofisi hizo. Makarani walikuwa na adabu, na kila mmoja alikuwa akifuata maandishi yaliyo mbele yake.

Tena hofu yao niliielewa. Mkoa wetu umepokea ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na waliokimbia Kongo tangu 1996. Lugha ya Kiha na Kirundi ni karibu kama mtu na mdogo wake. Karani anayeulizwa kesho na wakubwa wake kwa nini alimwandikisha fulani, lazima atake ushahidi. Lakini dada yangu alilipia boti ya injini mara tatu kuja mjini, na mara tatu akarudi na neno moja: lete kwanza kile. Safari ya tatu alilala kwangu. Binti yake alimsikiliza mama yake hadi mwisho, kisha akanigeukia akasema taratibu, "Mjomba, basi tuache. Mama asiuze kuku wote kwa ajili ya nauli."

Safari ya nne nilikwenda naye. Tulikuta karani mwingine, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Alitusikiliza, akamwambia dada, "Keti, mama. Karatasi hizi mbili hazitapatikana kwa kufuatana. Nileteeni zote siku moja." Akatuandikia orodha: barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kiapo cha wazee wawili waliomjua dada tangu utotoni. Tulipovileta, alipokea fomu, akaipa namba, akaandika kwamba imepokelewa na inangoja kiambatisho. Kisha akampigia simu mwenzake wa ofisi ya pili. Nilimsikia akisema, "Mpokee na wewe, mpe namba. Hatujasema tumempa. Tumesema yumo." Baada ya wiki kadhaa karatasi zote mbili zilitoka, zikiwa zimepishana siku mbili.

Yule mama hakuvunja sheria hata moja. Ushahidi alioutaka ulikuwa mzito kuliko ule uliotakiwa na wale wa kwanza. Alichofanya ni kuliondoa dai mahali lisipostahili na kuliweka mahali pake. Cheti kilikuwa kinahitajika ili kitambulisho kitolewe. Hakikuhitajika ili fomu ipokelewe. Wenzake walikuwa wameugeuza utegemezi wa kawaida kuwa sharti la awali, bila ya yeyote kukaa na kujadili kama inafaa. Nafikiri taabu yetu nyingi katika maofisi, katika mabenki, hata katika ndoa zetu, inatokana na geuzo hilo. Yapo masharti ya awali ya haki: mganga hamchomi mgonjwa sindano ya usingizi kabla ya kumpima. Lakini hayo ni machache, na kila moja lapaswa kutolewa hoja.

Wala nisije nikadhaniwa kwamba nasifu kila mduara. APT ina kazi nyingine, ya kufagia. Huanza na vifurushi ambavyo mwenye kompyuta alivitaka kwa kauli yake, ikaweka alama kwenye kila kinachohitajiwa na hivyo, na kila kinachohitajiwa na hivyo tena, mpaka mwisho. Kisichopata alama huonyeshwa kuwa chaweza kuondolewa. Hapo vifurushi viwili vinavyotegemeana lakini havihitajiwi na mtu wa nje huondoka vyote viwili, hata vikishikana mikono namna gani. Kutegemeana kwao hakuhesabiwi kuwa faida. Msomaji atazikumbuka kamati alizozijua, ambazo moja iliandika taarifa ili nyingine iisome, nayo ikaisoma ili ijibu, na hapakuwa na mwananchi hata mmoja aliyeguswa na zote mbili.

Lipo swali la mwisho ambalo wanafunzi wangu hawakukosa kuliuliza. Ikiwa dpkg ndiyo inayofungua vifurushi, na yenyewe inakuja ndani ya kifurushi, nani alikifungua cha kwanza? Jibu ni kwamba kifurushi cha Debian kimefungwa kwa vifaa vya kawaida ambavyo vipo katika kompyuta nyingine yoyote ya ukoo huo. Mtu hukifungua kwa vifaa hivyo bila dpkg, akaviweka vichache vya mwanzo, kisha dpkg ikaitwa kuja kujisajili yenyewe na wenzake kwa utaratibu. Na ile programu inayotengeneza programu nyingine, nayo hutengenezwa na toleo lake lililotangulia, na hilo na lililotangulia tena. Watu wa mradi wa Guix waliifuata njia hiyo kinyumenyume, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba wanaweza kujenga vyote kuanzia programu ndogo ya baiti 357, fupi kuliko aya hii, ambayo mtu anaweza kuikagua yote kwa macho. Wahunzi walilijua jambo hili zamani. Nyundo ya chuma haifuliwi bila nyundo, na nyundo ya kwanza ilikuwa jiwe.

Nimejifunza basi kuuliza maswali matatu kila ninapokuta vitu vinavyongojana. Je, kuna mtu wa nje anayevihitaji? Je, kipi kati yake kinaweza kuingia kikiwa nusu bila kumdhuru yeyote? Na je, nani atakubali kuwa jiwe, yaani kufanya kwa mkono, mara moja, kazi ambayo baadaye utaratibu utaifanya wenyewe? Katika jambo la dada yangu jibu la swali la tatu lilikuwa karani mmoja na simu yake.

Mpwa wangu hakuupata mkopo mwaka ule. Karatasi zilitoka siku tisa baada ya maombi kufungwa. Alikaa mwaka mzima akiuza mawese na mama mmoja sokoni Mwanga, mwaka uliofuata akaomba tena, akapata, akaenda. Watu humwambia kwamba mwaka mmoja si kitu. Yeye huwajibu kwamba kwa aliyekuwa akingoja ulikuwa kitu. Sasa anafanya kazi katika ofisi ya umma, katika mkoa mwingine, na mezani kwake, kama alivyonieleza, zipo trei mbili: moja ya mafaili yaliyokamilika, na moja ya waliokwisha kupokelewa.